Kinga Kali Si Lazima Iwe Kinga Bora

Mwaka 2013 watafiti walieleza chanzo cha ugonjwa uliokuwa umewatatiza madaktari kwa muda mrefu. Wagonjwa wenyewe walikuwa watu walioandamwa na nimonia na maambukizi ya masikio tangu utotoni. Tezi zao za limfu zilivimba zikabaki hivyo, njia zao za hewa zikaharibika kidogo kidogo, na virusi ambavyo wengi wetu huishi navyo bila habari, kwao viligoma kutulia. Ukimsimulia mtu yeyote dalili hizi, atakwambia bila kusita kuwa kinga ya mgonjwa ni dhaifu na inahitaji kupewa nguvu. Jeni zao ziliposomwa, kosa lilikutwa upande wa pili kabisa: kimeng'enya kimoja ndani ya seli zao nyeupe za damu, PI3K delta, kilikuwa kinafanya kazi kupita kiasi, usiku na mchana, bila kungoja amri.

Yaani watu hawa walikuwa wakiugua kwa sababu kinga yao haikupata nafasi ya kutulia.

Inafaa kuelewa imekuwaje. PI3K delta hupatikana hasa kwenye seli T na seli B, aina mbili za seli nyeupe za damu, na kazi yake ni kupachika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kwenye molekuli za mafuta zilizo upande wa ndani wa utando wa seli. Fosfeti hiyo huwa kama kituo ambapo vimeng'enya vingine hukusanyika na kuamuru seli ikue na igawanyike. Kwa mtu mwenye afya, amri hudumu muda mfupi tu, kwa sababu kimeng'enya kingine, PTEN, huiondoa fosfeti hiyo. Amri isipokoma, seli T hugawanyika na kugawanyika mpaka zinachakaa kabla ya wakati wake, na zile za kukumbuka adui wa zamani hubaki chache. Seli B nazo hushindwa kukomaa zikatoa kingamwili za kufaa. Kwa nje unaona mgonjwa asiye na kinga. Kwa ndani kuna jeshi lililochoka kwa kupigana vita visivyokuwepo.

Tiba iliyopatikana inashangaza zaidi ya ugonjwa wenyewe. Machi 2023 Marekani iliidhinisha leniolisib kwa wagonjwa hao wenye umri wa kuanzia miaka 12. Dawa hiyo haiongezi chochote. Inakibana kile kimeng'enya kilichopitiliza, na katika majaribio tezi za wagonjwa zilinywea huku seli B changa, ambazo hazijakutana na adui, zikiongezeka katika damu. Mtu mwenye upungufu wa kinga anatibiwa kwa dawa inayopunguza ishara za kinga, na anapata nafuu.

Sasa linganisha na lugha tunayoisikia kila siku kuhusu jambo hili. Kuna vidonge, unga, matone na majani yanayouzwa kwa ahadi moja tu, kwamba "yanaongeza kinga". Nyuma ya ahadi hiyo kuna picha ya kinga kama kitu kimoja chenye kipimo kimoja, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo mwenye mwili anavyozidi kuwa salama. Maoni yangu ni kwamba picha hiyo ni ya uongo, na si uongo mdogo wa kibiashara tu. Inatufanya tushindwe kuelewa kwa nini baadhi ya magonjwa hutokea, kwa nini dawa nyingine hutolewa, na kwa nini daktari huweza kuishusha kinga ya mgonjwa makusudi ili amwokoe.

Sisemi kwamba hakuna kinachosaidia kinga. Mtoto mwenye utapiamlo kinga yake hudhoofika kweli, na akipata lishe hurudi. Chanjo nazo hufanya kazi, ila hazipandishi kinga yote kwa jumla. Huzifundisha seli chache zimtambue adui mmoja. Kurekebisha pengo ni kitu kimoja na kusukuma kilichokamilika ni kingine.

Ili kuona kwa nini, lazima tuingie ndani ya seli. Seli ya kinga haina macho wala ubongo. Ina vipokezi juu ya utando wake, na kipokezi kikigusana na kitu cha nje, habari hiyo inapaswa kusafirishwa hadi kwenye kiini, ambako jeni huwashwa au kuzimwa. Anayeisafirisha kwa sehemu kubwa ni vimeng'enya vya aina mbili. Kinasi hupachika fosfeti kwenye protini nyingine, fosfatasi huiondoa. Kipande hicho kidogo chenye chaji hasi hubadilisha umbo la protini, na umbo likibadilika, kazi nayo hubadilika. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua hilo katika miaka ya 1950 kule Seattle, wakichunguza jinsi misuli inavyoivunja sukari iliyohifadhiwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, baada ya dunia kung'amua kwamba walichokiona kwenye misuli kinatumika karibu katika kila seli na kila jambo.

Hesabu ya jeni za binadamu iliyochapishwa mwaka 2002 ilipata kinasi za protini 518. Fosfatasi ni chache zaidi, lakini kundi la fosfatasi za tairosini peke yake lina zaidi ya mia moja. Tairosini ndiyo asidi amino (mojawapo ya matofali yanayounda protini) inayotuhusu hapa, kwa kuwa ishara za mwanzo kabisa za seli za kinga hupitia kwake. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kuwa nayo hupachikwa fosfeti. Mwaka 1979 Tony Hunter wa Taasisi ya Salk alitumia kimiminika cha maabara kilichokuwa kimezeeka, asidi yake ikiwa imepanda kidogo, na kwa sababu hiyo alama mbili ambazo kwa kawaida hufuatana zikatengana mbele yake. Moja ilikuwa tairosini yenye fosfeti. Kama angekuwa na bidii ya kuchanganya kimiminika kipya siku hiyo, pengine ugunduzi huo ungesubiri mtu mwingine. Haishangazi kwamba ilikuwa imejificha: tairosini yenye fosfeti ni sehemu ndogo mno ya fosfeti zote zilizopachikwa kwenye protini za seli, chini ya moja kwa elfu. Ishara nzito kabisa za mwili zinabebwa na kitu adimu, na uadimu huo si bahati mbaya. Fosfatasi ziko kazini muda wote, zikifuta. Hali ya kawaida ya seli ni ukimya unaolindwa kwa gharama.

Hapa kuna mtego ambao hata maelezo mazuri huwaingiza watu: kudhani kwamba kinasi huwasha na fosfatasi huzima. Itazame LCK, kinasi inayoianza safari ya ishara ndani ya seli T. Ina tairosini mbili zinazoitawala. Ile ya nafasi ya 394 ikipachikwa fosfeti, LCK huchangamka. Ile ya 505 ikipachikwa, LCK hujikunja na kunyamaza. Anayepachika fosfeti ya kunyamazisha ni kinasi nyingine, CSK. Anayeiondoa, na hivyo kuiamsha LCK, ni fosfatasi iitwayo CD45, ambayo imejaa tele juu ya seli nyeupe za damu. Na CD45 hiyohiyo inaweza pia kuifuta fosfeti ya 394, ile ya uchangamfu. Kwa hiyo watoto wachache waliowahi kuzaliwa bila CD45 hawakupata kinga kali isiyo na kizuizi, kama hesabu rahisi ingetabiri. Walipata upungufu mkubwa wa kinga.

LCK ikishaamka, huweka fosfeti kwenye mikia ya kipokezi cha seli T. Mikia hiyo ikawa mahali pa kinasi nyingine, ZAP-70, kutua, ZAP-70 nayo ikapachika fosfeti kwa protini zinazofuata, madini ya kalisi yakapanda ndani ya seli, na kimeng'enya kingine, kalsinyurini, kikaondoa fosfeti kwenye protini iitwayo NFAT ili iweze kuingia ndani ya kiini. Hatua za mwanzo huchukua sekunde chache. Kila hatua ina anayefuta nyuma yake, na hiyo ndiyo inayoisaidia seli kupima: kitu kinachogusana na kipokezi kwa kitambo kidogo huachia kabla mlolongo haujafika mbali, na kila kilichoandikwa hufutwa, kinachoshika kwa muda wa kutosha huufikisha mlolongo mwisho. Tofauti kati ya kipande cha kirusi na kipande cha mwili wenyewe inaweza kuwa ni muda huo tu. Ukizidharau fosfatasi kama vizuizi vya kuondolewa, umeondoa uwezo wa seli kutofautisha.

Panya walituonyesha hili muda mrefu uliopita. Kuna ukoo wa panya wa maabara ambao manyoya yao huwa na mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo, na hufa wiki chache tu baada ya kuzaliwa, mapafu yakiwa yamejaa seli za kinga zao wenyewe. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba wanakosa fosfatasi moja, SHP-1. Hakuna kijidudu kilichowaua.

Kisha kuna panya wa SKG, ukoo mwingine wa maabara, ambao mimi huwaona kuwa fumbo zuri kuliko yote katika somo hili. Mwaka 2003 maabara ya Shimon Sakaguchi nchini Japani, mwanasayansi ambaye mwaka 2025 aliishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu seli zinazoituliza kinga, ilionyesha kwamba panya hawa wana ZAP-70 yenye kasoro. Ishara kwenye seli zao T ni hafifu. Ungetegemea wapate kinga legevu. Badala yake hupata ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi, ambapo kinga huvishambulia viungo vya mwili. Sababu iko kwenye tezi ya thaimasi, ambako seli T changa hufanyiwa mtihani: zinazoukamata mwili kwa nguvu huamriwa kufa. Ishara ikiwa hafifu, seli hatari huonekana kama hazina hatia, zikapita na kutoka. Kinasi dhaifu imezaa kinga inayoshambulia mwili, kama vile PI3K delta yenye nguvu ilivyozaa kinga isiyoweza kuzuia nimonia. Mtu anayetaka kunieleza kuwa kinga ina mizani ya "juu" na "chini" anieleze hao wawili wawekwe wapi.

Madaktari wameijua hekima hii kwa njia ndefu. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza kisa cha mvulana wa miaka 8 aliyeugua maambukizi makali tena na tena, na ambaye damu yake haikuwa na kingamwili. Alimchoma sindano za kingamwili za watu wengine na mtoto akapata nafuu. Ilichukua hadi mwaka 1993 kubaini kwamba wagonjwa wa aina hiyo wana kasoro kwenye kinasi moja, ambayo ilipewa jina la daktari huyo na hufupishwa BTK. Bila hiyo, seli B hazikomai. Miaka 20 baadaye, 2013, Marekani iliidhinisha ibrutinib, dawa inayoifunga BTK, kwa wagonjwa wa aina fulani ya saratani ya seli B. Kinachokuwa ugonjwa kwa mtoto mmoja ndicho kinachotafutwa kwa makusudi kwa mtu mwingine.

Hadithi ya JAK inafuata mkondo huo, lakini ndiyo inayotufundisha kuwa waangalifu. Familia hii ina kinasi nne: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. Hufanya kazi wawili wawili chini ya vipokezi vinavyopokea ujumbe wa kemikali ambao seli hutumiana. Mwaka 1995 ilionekana kwamba watoto wanaozaliwa bila JAK3 hukosa seli T, na bila kupandikizwa uboho hufa wakiwa wadogo. Kwa kuwa JAK3 inahitajika karibu kwa seli za damu peke yake, wazo lilijitokeza lenyewe: ukiibana kidogo, utatuliza kinga bila kuugusa moyo wala ini. Kutokana na fikra hiyo ilipatikana tofacitinib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2012 kwa baridi yabisi.

Tatizo ni kwamba ndugu hawa wanne wanafanana sana pale ambapo dawa hushika. Dawa iliyokusudiwa mmoja huwagusa wengine, na JAK2, kwa mfano, ndiyo inayohitajika ili uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilidai utafiti wa usalama wa tofacitinib kwa wagonjwa wa miaka 50 na kuendelea wenye angalau hatari moja ya ugonjwa wa moyo. Matokeo yalisababisha mwaka 2021 kutolewa onyo zito kuhusu shambulio la moyo, kiharusi, saratani, damu kuganda na vifo, na dawa za kundi hilo zikatengwa kwa wale ambao tiba nyingine zimewashinda. Wapo waliosoma onyo hilo kama uthibitisho kwamba kuchezea vimeng'enya vya kinga ni kosa. Sikubaliani nao. Nilichokiona mimi ni kwamba kimeng'enya hakina kazi moja, na dozi ya leo kwa mgonjwa huyu haiwezi kutolewa kama kanuni kwa wote.

Janga la UVIKO-19 lilituletea somo hili hadi mlangoni, nasi tukalikataa. Watu walikuwa wakinunua kila kinachodaiwa kuongeza kinga. Wakati huohuo, hospitalini, kilichokuwa kikiwaua wengi waliozidiwa ni mwitikio wa kinga yao wenyewe ndani ya mapafu. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliowekewa mashine ya kupumua. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa hiyohiyo haikuonyesha faida. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwa nguvu baricitinib, inayozibana JAK1 na JAK2, kwa wagonjwa mahututi, pamoja na steroidi. Kirusi ni kilekile, kinga ni ileile. Kilichobadilika ni siku ya ugonjwa.

Upande wa saratani mambo yamegeuzwa juu chini. Kipokezi PD-1, ambacho jeni yake ilipatikana mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo, hukaa juu ya seli T na kuiita fosfatasi SHP-2 ije kufuta fosfeti za msisimko. Uvimbe wa saratani hujifunza kukibonyeza kipokezi hicho ili seli T zilizoukaribia zilale. Dawa zinazokizuia zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2014, na zimewarudishia uhai watu ambao zamani wangeambiwa wajiandae. Hizi ndizo dawa ambazo kweli "zinaongeza kinga", na nguvu hiyo ina madhara yake: utumbo kuvimba, mapafu kuvimba, tezi ya thairoidi kuharibika, kwa wachache hata moyo kushambuliwa au kisukari kuanza ghafla. Wauzaji wa unga wa kuongeza kinga wana bahati kwamba bidhaa zao hazifanyi wanachokitangaza.

Ushahidi ambao mimi huuona mzito kuliko wote umeandikwa ndani ya binadamu wa kawaida. Wapo watu wenye aina fulani ya TYK2 ambayo kinasi yake haifanyi kazi sawasawa. Walioirithi kwa baba na mama, takriban mtu 1 kati ya 600 wenye asili ya Ulaya, wana hatari ndogo ya kupata magonjwa kadhaa ya kinga kushambulia mwili, ugonjwa wa ngozi wa soriasisi ukiwemo. Ukiishia hapo utasema hiyo ndiyo TYK2 bora, sote tungeitaka. Mwaka 2018 watafiti walionyesha upande wa pili: watu haohao wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, kwa sababu seli zao hazitoi vizuri ujumbe unaozichochea seli nyingine kuua bakteria ambao zimewameza. Na uchunguzi wa vinasaba kutoka kwenye mifupa ya kale ya Ulaya umeonyesha kwamba aina hiyo ya jeni ilipungua sana katika miaka 2,000 iliyopita. Kifua kikuu kilikuwa kikiwachuja waliokuwa nayo. Swali la kama TYK2 tulivu ni baraka au laana halina jibu mpaka useme unaishi wapi, zama zipi, na ukipumua hewa moja na nani.

Septemba 2022 Marekani iliidhinisha deucravacitinib kwa soriasisi. Dawa hii inaibana TYK2, na kwa werevu: haishiki pale ambapo ndugu wanne wanafanana, bali sehemu nyingine ya protini hiyo wanapotofautiana. Kwa namna fulani, tumejifunza kumpa mtu kwa kidonge kile ambacho wachache walirithi. Na maelekezo ya dawa hiyo yanamtaka daktari, kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, ampime kifua kikuu, hata kile kilichojificha bila dalili.